Sakafu ya Mgeni wa Boma

Somo alilichagua Octave mwenyewe, hakulazimishwa na mtu. Umeme tuli. Katika fizikia yote aliyoifundisha kule Pweto, Kongo, kabla ya vita kuwang'oa, hili ndilo somo lisilodai maabara. Ukiwa na kipande cha bomba la plastiki, kofia ya sufu na karatasi zilizochanwachanwa, tayari una kipindi. Walimu wengine wanalilia waya na betri, yeye alihitaji kusugua tu. Na ukiwa Mantapala, kambi ya wakimbizi upande wa Zambia, kwenye shule ya ubao mmoja na madirisha yasiyo na vioo, unajifunza upesi kulipenda somo la kusugua.

Kwa nini mtu aliyefundisha hadi mvi zikamtoka akaguliwe kama mwanafunzi? Kwa sababu hakuwa na karatasi. Diploma yake ilibaki Pweto, ndani ya folda, chini ya kitanda. Siku risasi zilipokaribia mtaa wao, Octave alikuwa shuleni, na aliyefunga mizigo ni mkewe, Simone. Alimbeba mtoto wao Dany, akabeba unga, blanketi na sufuria. Folda hakuiona hata kwa mawazo. Sasa niambie wewe unayesoma umekaa: ungebeba karatasi ukaacha unga? Lakini watu wakishavuka mpaka, wakishashiba kidogo, unga husahauliwa na karatasi hukumbukwa. Mashemeji walimsema Simone, majirani wakamsema, na siku moja ya hasira Octave naye akamwambia mbele ya watu, "Ulisahau maisha yangu ku nyumba, ukabeba sufuria."

Alijuta kabla hajafunga mdomo. Tangu hapo Simone akawa anaishi ndani ya nyumba yake kama mgeni anayeogopa kuvunja kikombe: akiombwa chumvi analeta na maji, akitumwa jembe anarudi na jembe na panga. Octave aliona yote hayo, na yalimuuma, lakini kuomba msamaha kwa jambo la mbele za watu kunataka nao watu, na yeye alikuwa na haya.

Bahati yake ilikuwa Ba Goodson, yaani Bwana Goodson, mkuu wa shule, Mzambia wa Mwansabombwe, mtu mnene wa mwili na mwepisi wa kucheka. Walimu wa fizikia waliopangwa Mantapala walikuwa wakifika, wanatazama vumbi, wanatazama nyumba ya mwalimu, na wiki ya pili wanaugua ugonjwa unaotibiwa mjini tu. Ba Goodson akachoka kubembeleza. Akamweka Octave darasani bila mshahara, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, na watoto wakaanza kufaulu mitihani ya shule. Ndipo akaenda boma, kwenye ofisi za wilaya kule Nchelenge, akawaganda mpaka wakakubali kutuma mkaguzi. Mkaguzi amtazame huyu Mkongo akifundisha kipindi kimoja. Akiridhika, ataandika kwamba aajiriwe wakati habari ya diploma ikitafutiwa dawa. Asiporidhika, basi. Haikuwa ahadi nene, lakini katika miaka yote ya kulima mihogo kambini hakuna aliyewahi kumpa Octave nyingine.

Mkaguzi alipangiwa Agosti, na Agosti ni mwezi uliokauka. Octave alijaribu somo lake na darasa zima likaruka. Alisugua bomba kwa kofia, akalisogeza kwenye vipande vya karatasi, navyo vikapaa kulifuata. Kisha akaleta chombo alichokiunda mwenyewe: chupa pana ya jemu, kizibo chenye waya wa shaba uliopenya ndani, na chini ya waya vijikaratasi viwili vya fedha vya pakiti ya sigara vikining'inia vimelaliana. Aliposogeza bomba karibu na waya bila kuugusa, vile vijikaratasi vikaachana ghafla, kila kimoja upande wake.

"Ticha," akasema Luse, msichana wa benchi la mbele, ambaye alikuwa na maswali kuliko madaftari, "bomba haikugusa. Sasa ile karatasi inajua namna gani bomba iko pale?"

Octave alipenda swali hilo mpaka akataka kulia. "Mama anakausha samaki ku moto," akamwambia. "Weye uko ku njia, hauone samaki, hauguse samaki. Lakini pua inajua. Ukisogea, harufu inakuwa kali. Ukienda mbali, inapungua. Donc, kitu yenye iko na chaji inajaza hewa yote ya pembeni na nguvu yake. Ile njo tunaita champ, uwanja ya nguvu. Kila pahali ya ile hewa iko na nguvu, hata kama hakuna mutu wa kuisikia."

Lakini Agosti mkaguzi hakuja. Gari la ofisi lilikuwa bovu. Septemba alikuwa na semina. Oktoba akafiwa, na mtu hamlaumu aliyefiwa. Alipotoa tarehe aliyoishika, ilikuwa mwisho wa Novemba, mvua zimekwisha kufungua, na upepo wa ziwa la Mweru unaleta unyevu mpaka ndani ya viatu.

Usidhani Octave hakujua. Alijua kuliko mtu yeyote kuanzia hapo hadi kisiwa cha Kilwa, kile cha ziwani humo. Umeme tuli na unyevu ni maadui. Hewa ikilowa, ngozi nyembamba ya maji inalala juu ya plastiki na juu ya kioo, huioni, nayo inaipa chaji njia ya kutorokea. Unaweza kusugua mpaka mkono ung'oke, ukaambulia patupu. Angebadilisha somo, lakini Ba Goodson alikwisha kupeleka jina la somo boma, na nani anataka kuanza na mkaguzi kwa kumgeuzia maneno? Tena dawa ilikuwapo, dawa ya walimu wote wa zamani: moto. Unaweka mbabula, lile jiko la makaa, pembeni ya meza tangu alfajiri, unapanga chupa, bomba na kofia kuzunguka joto, hewa ya chumba inakauka, na kazi inakwenda. Alijaribu nyumbani siku ya manyunyu, na vijikaratasi vikaachana vizuri tu.

Kosa lake lilikuwa moja, na lilimtoka mdomoni wakati wa kula. Simone alimuuliza, kwa ile sauti yake mpya ya kuomba ruhusa, "Baba Dany, siku ya mugeni miye nitakusaidia nini?"

"Weye pika tu," Octave akajibu huku akimega bukari, ugali wa kwao. "Hii mambo ya physique ni ya kwangu."

Hakusema kwa ubaya. Alisema hivyo hivyo, kama wanaume wanavyosema wakiwa na mawazo mengi. Angeongeza maneno mawili tu kuhusu moto na unyevu, haya yote nisingekuwa nayasimulia.

Siku ilipofika, Octave alidamka, akabeba mbabula na gunia la makaa hadi darasani, akawasha, akangoja makaa yawe mekundu yasiyotoa moshi. Akapanga vitu vyake kulizunguka joto kama mama anayepanga watoto. Akafunga mlango, akarudi nyumbani kuoga na kuvaa koti aliloazimwa na mchungaji. Njiani alikuwa akiimba. Mtu mzima, mwenye deni la dunia nzima kichwani, anaimba!

Huku nyuma akaja Simone na wamama wenzake, ndoo vichwani na fagio mikononi. Mgeni wa boma hapokewi juu ya vumbi. Hilo ni jambo la kila nyumba huko: sakafu ya udongo hunyunyiziwa maji, ikafagiliwa, ikanyunyiziwa tena hadi inakuwa nyeusi na baridi, na mgeni akikanyaga anajua kwamba alingojewa. Simone akafungua mlango, akaona mbabula imewaka, makaa yameiva, hakuna mtu.

Akasimama pale mlangoni, mkono kifuani. "Muone," akawaambia wenzake. "Baba Dany ameniwashia moto ya kupikia mugeni. Yee mwenyewe, bila kuombwa."

Wenzake wakapiga vigelegele. Mwanamke aliyeishi muda wote ule akitafuta jicho jema la mumewe, leo kapata mbabula nzima yenye moto. Aliinyanyua kwa vitambaa, akaitoa nje chini ya ukingo wa paa, akaweka kikaango na samaki wa ziwani, wale waitwao "pale", aliokwenda kuwatafuta mwenyewe ufukweni. Kisha wakaingia kazini. Walinyunyiza, wakafagia, wakanyunyiza tena. Waliosha mabenchi. Simone akaipangusa chupa ya mumewe kwa kitambaa cha maji, kwa uangalifu, asiguse vile vidude vya ndani. Akapangusa na bomba. Kofia ya sufu, ambayo ilikuwa inanuka jasho na haikufaa kulala mbele ya mkubwa, akaifua kwa sabuni na kuianika dirishani.

Gari la boma liliwahi. Octave alilikuta linazima injini uwanjani, akaingia darasani pamoja na mkaguzi, bega kwa bega, akitabasamu. Tabasamu likamgandia usoni. Sakafu ilikuwa inang'aa kwa maji. Hewa ya chumba ilikuwa nzito na baridi kama ya kisimani. Mahali pa moto palikuwa na kopo lenye maua.

"Mumepatengeneza muzuri," mkaguzi akasema. Jina lake Ba Davies, mzaliwa wa ufukweni Nchelenge, mwalimu wa zamani wa sayansi, mwenye miwani na adabu zake. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa kusema alikuwa mbaya, simulizi ingekuwa rahisi.

Octave akatazama dirishani. Kofia inachuruzika. Nyuma ya kofia, nje, mbabula yake, na juu ya mbabula samaki, na nyuma ya samaki Simone, amevaa kitenge cha Jumapili, anamtazama na uso uliofunguka. Alikuwa hajauona uso huo tangu Pweto. Akajipiga moyo konde: ataanza na maelezo, halafu atamtuma Luse akalete moto kimyakimya, samaki wakishaiva.

Ba Davies akakaa nyuma, akafungua kalamu. "Endelea, ba ticha."

Na mvua ikanyesha. Haikuanza kwa matone, ilimwagika yote kwa mara moja, na bati likapiga kelele hadi Octave akawa anafundisha kwa kupaza sauti. Nje wamama walikimbia huku na huku. Simone alifanya ambalo mpishi yeyote angefanya: alikumbatia kikaango akakiokoa, akaacha moto. Octave aliona mvuke mweupe ukipanda kutoka kwenye makaa, mara moja, kisha basi. Wamama wakajazana mlangoni kujikinga, Simone mbele yao, amelowa chapachapa, kikaango amekifunika kwa kitenge.

Alisugua bomba kwa mkono wa koti la mchungaji. Akalisogeza kwenye karatasi. Karatasi zililala. Akasugua tena, akabana meno, jasho likamtoka. Karatasi zililala tu juu ya meza kama zilivyotupwa. Akajaribu chupa, vijikaratasi vya fedha vikabaki vimelaliana. Mvulana mmoja nyuma akacheka, na Luse akamgeukia kwa jicho kali. Watoto waliokuwa wamerukaruka Agosti walikuwa wanamtazama sasa kwa huruma, na huruma ya mwanafunzi ni kitu kibaya sana kwa mwalimu. Octave alihisi amevuliwa nguo.

Ba Davies akainuka, akaja mbele. Akagusa bomba, akapitisha kidole kwenye chupa, akakitazama kidole. Aliuliza kwa Kiswahili cha sokoni alichojifunzia kwa wauza samaki wa Kongo, kwa heshima ya wamama waliosimama mlangoni, nao wasione wanafichwa jambo.

"Ba ticha, hii ni maji. Unyevu. Mwenye kufundisha static lazima anajua."

"Ninajua, ba Davies."

"Mwenye kujua analeta mbaula, anakausha vitu. Hata mimi nilifanya hivyo zamani. Weye haukutengeneza moto?"

Mvua ilizidi kupiga bati. Jibu lilikuwa limekaa juu ya ulimi wa Octave, fupi, la kweli tupu: niliwasha, mke wangu aliutoa. Ba Davies alikuwa mtu wa kuelewa. Angecheka, angesema wamama wana mambo yao, pengine angekunywa chai na kurudi siku ya jua. Octave aliinua macho. Simone alikuwa ameacha kutabasamu. Alikuwa anatazama midomo yao, mmoja baada ya mwingine, akijaribu kuelewa kama ni yeye, tena, mbele za watu, tena. Alikivuta kikaango kifuani.

"Nilisahau," Octave akasema.

"Ulisahau?"

"Moto. Nilisahau kabisa. Ni kosa yangu."

Ba Davies akafunga kalamu. Wakala samaki ofisini kwa Ba Goodson, na mkaguzi akamsifu mpishi, na Simone akapiga magoti kupokea sifa.

Jibu la boma halikuchelewa, mabaya hayachelewi barabarani. Ba Goodson alilileta kwa miguu, hakucheka siku hiyo. Mkaguzi ameandika kwamba mwalimu anajua somo lake ila hajiandai. Na kwa kuwa sasa ofisi imejua rasmi kwamba mtu asiyesajiliwa anasimama mbele ya watoto, ofisi haiwezi tena kujifanya haijui. Asifundishe, hata kwa kujitolea.

"Nilikupeleka mwenyewe kwa mdomo wao," Ba Goodson akasema. "Ningekaa kimya, ungekuwa unafundisha mpaka leo." Akamshika Octave bega, akarudi shuleni kwake. Kipindi cha fizikia kikawa cha kufyeka nyasi za uwanja.

Luse alimfuata Octave shambani mara moja. Alisimama nje ya matuta ya mihogo, hakutaka kuyakanyaga. "Ticha, hamukusahau," akasema. "Miye nilipita asubuhi. Niliona mama anatoa mbabula mu kelasi."

"Ulimwambia nani?"

"Hapana mutu."

"Basi usiseme kwa mutu. Hata kwa yee. Unanisikia, Luse?"

Msichana akaitikia, lakini hakuondoka. "Na mutihani yetu?" akauliza. Octave akainama kulima, na alipoinuka msichana alikuwa amekwenda.

Simone naye alisubiri siku chache, kama anayepima maji kabla ya kuvuka. Kisha jioni moja, mbele ya majirani waliokuja kuomba moto, maneno yakamtoka.

"Batu yote tulitumika siku ile. Nilitafuta samaki, nilifagia, nililowa mvua. Weye kazi yako ilikuwa moja, kuleta moto, na ukasahau! Miye nilisahau papier, ni kweli. Lakini masasi ilikuwa inalia, mutoto iko mu mugongo. Weye, Baba Dany, nani alikuwa anakufukuza?"

Majirani wakacheka. Hata Octave akacheka kidogo. Alimtazama mkewe akiwa amesimama mikono kiunoni, shingo imenyooka, sauti imejaa ua mzima, na akaona kwamba amerudi, yule mwanamke wa Pweto, mzimamzima. Kumrudisha kuligharimu kila kitu. Akimweleza sasa, atamuua, na darasa halitarudi. Hakuna atakayemweleza. Hakupata faraja aliyodhani angeipata katika jambo hilo. Alipata uchovu tu.

Simone hajauliza ule moto wa asubuhi ulikuwa wa nini. Kwake ulikuwa wa kupikia, zawadi ya mumewe, na mpaka leo huwasimulia wenzake kisimani kwamba ana mume mwenye moyo mzuri ila kichwa kimechoka. Ndiyo maana sasa anamchunga. Kila asubuhi, Octave akishika njia ya mihogo, yeye hutoka mlangoni na kuhesabu kwa vidole: jembe, maji, kofia ya jua. Dany, ambaye ameshakuwa mkubwa, naye amejifunza kwa mama yake, husimama pembeni akirudia.

"Usisahau, Baba Dany," Simone anamwambia, kwa upole, kama anavyoambiwa mtu ambaye akili imeanza kumwacha.

"Sitasahau," anajibu.